Mafaili ya harusi yanalala njiani, kutoka sebuleni hadi uani

Kaka, habari za kazi na pole na majukumu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, na riziki yangu ni kupiga video za harusi, sendofu na kicheni pati. Sina ofisi mjini. Wateja nawapokea sebuleni, na laptopu yangu inakaa hapohapo sebuleni. Kule uani nina chumba kimoja nimekifanya studio, humo kijana wangu anaediti kwenye kompyuta ya mezani. Kutoka kwenye ruta hadi chumba hicho ni hatua kama ishirini: unapita jikoni, unatoka nje, unakata uwanja, umefika.

Utaratibu wetu ni huu. Usiku nikiwa bado ukumbini namwaga kadi za kamera kwenye laptopu, maana kesho yake kadi hizohizo zinaingia kazini tena. Nikifika nyumbani nafungua folda ya kushea na kuyatuma mafaili kwenye kompyuta ya uani kwa Wi-Fi. Zamani tulikuwa na disiki ya kubebea. Mwaka jana ilidondoka sakafuni ikafa, na harusi ya watu ilikuwa ndani yake. Nilirudisha hela na matusi nikala juu yake. Tangu siku hiyo nikaapa sitaki tena habari za disiki, ni mtandao tu.

Sasa mtandao wenyewe ndio huu. Kadi moja ya GB 64 inachukua zaidi ya saa sita. Naianzisha saa tatu usiku, nikiamka kuswali alfajiri kadi ya pili ndiyo kwanza imeshika njia. Kompyuta inaniandikia MB 2.8 kwa sekunde. Jioni inashuka hadi 1.9. Saa nane za usiku, watu wote wamelala, nimewahi kuiona 3.4, lakini zaidi ya hapo sijawahi.

Kwanza nilidhani ni kifurushi. Nikapandisha kutoka Mbps 20 hadi 50. Bili imepanda, mafaili hayajabadilika hata kidogo. Nikaenda Kariakoo, jamaa wa dukani akaniuzia ripita, akasema mama hii ndiyo dawa. Nikaichomeka jikoni, katikati ya njia. Vile vimistari vya Wi-Fi uani vikajaa vyote, nikashangilia, kumbe kasi imeshuka hadi 1.4! Nimeichomoa, iko kabatini.

Kuna jambo naona aibu kulisema, ila nitalisema. Nilimshuku kijana. Anapenda sana mpira, na siku za mechi anaangalia kwenye simu. Nikamwambia yeye ndiye anayenimalizia mtandao. Tukagombana, na mwisho wa mwezi nikamkata elfu ishirini. Kanuna hadi leo.

Fundi wa mtaani anasema ninunue ruta mpya ya laki tatu. Kabla sijaitoa hela hiyo nimeona nikuulize. Nimeangalia zile namba unazopenda kutuuliza sisi wasomaji: laptopu inasema imeunganishwa kwa Mbps 144, kompyuta ya uani Mbps 65, na zote ziko chaneli ya 3. Ile ya uani inatumia kidude cha Wi-Fi cha USB, kimechomekwa nyuma ya CPU. Kwenye boksi lake wameandika 150.

Ni nini kinanila, kaka?

Mama Video, Tabata

*

Mama Video, dada yangu, pole kwa ile harusi. Mtu aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, kwa hiyo kuhusu disiki sitakusukuma, ingawa nitaigusa kidogo huko mbele.

Barua yako imenifurahisha kwa sababu ina namba. Wengi huniandikia tu kwamba mtandao unasumbua, wanataka nitibu kwa ramli. Wewe umeleta 144, 65, chaneli ya 3, na kasi ya jioni, ya usiku na ya usiku wa manane. Kwa namba hizo naweza kukuambia jambo ambalo pengine hukulitegemea. Mtandao wako hauumwi. Hiyo MB 2.8 ndiyo nguvu yake yote, na hakuna kitu kilichoharibika.

Tuanze na kifurushi, kwa kuwa kinaendelea kukutoa hela kila mwezi. Mbps 50 unazolipia ni upana wa njia kati ya nyumba yako na ulimwengu. Faili linalotoka sebuleni kwenda uani halipiti huko. Linatoka kwenye laptopu, linaingia kwenye ruta, linatoka kwenye ruta, linaingia kwenye kompyuta ya kijana, basi, hata geti halijavuka. Wewe umepanua Barabara ya Mandela wakati mkokoteni wako umekwama mlango wa jikoni. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi za jirani? Siku zile mafaili yako yangesafiri kwa kasi yao ileile, kama vile hakuna kilichotokea. Ukitaka kuhakikisha, chomoa waya unaoleta intaneti (kama ni faiba uchomoe taratibu, usiukunje), iache ruta ikiwaka, tuma faili. Litakwenda vilevile. Kama hupandishi video nyingi YouTube kwa ajili ya wateja, mwezi ujao rudi kwenye 20.

Kuna na mtego wa herufi. Mbps yenye b ndogo ni megabiti. MB yenye B kubwa ni megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Wauza vifurushi na watengeneza ruta huandika biti, kwa sababu namba inapendeza. Kompyuta inaponakili faili hukuonyesha baiti. Kwa hiyo 2.8 yako, ukiizidisha mara nane, ni kama megabiti 22.

Sasa kwa nini 22, na laptopu inasema 144? Wewe ni mtu wa ukumbini, utanielewa haraka. Chaneli moja ya Wi-Fi ni ukumbi wenye kipaza sauti kimoja. Akikishika MC, mjomba wa bibi harusi anasubiri. Laptopu, kompyuta ya uani, simu, televisheni, na ruta yenyewe, vyote vinapokezana kipaza hichohicho. Kabla ya kusema, kila kimoja hutega sikio kwanza kuona kama kuna mwingine anaongea. Kikishasema, mpokeaji lazima ajibu kwamba amepata. Kusubiri na kujibizana huko kote kunakatwa kwenye zile 144. Namba hiyo inakuonyesha mtu anaongea haraka kiasi gani akishakipata kipaza. Haikuonyeshi amepewa zamu ngapi. Kwa kazi halisi mimi huhesabu nusu, au zaidi ya nusu kidogo.

Tupige hesabu kwenye kisogo cha bahasha. Laptopu ya 144, peke yake ukumbini, ingefikisha kama 80. Kompyuta ya uani ya 65 ingefikisha kama 38. Lakini faili lako linasemwa mara mbili! Laptopu inalisema kwa ruta, halafu ruta inalirudia lote kwa kompyuta ya uani, kwa kipaza kilekile. Megabiti 80 za kwanza zinatumia sekunde moja kufika kwenye ruta, kisha zinatumia zaidi ya sekunde mbili kutoka kwenye ruta hadi uani. Megabiti 80 kwa sekunde tatu na kidogo ni kama 26 kwa sekunde. Gawanya kwa nane: MB 3.2. Na wewe, saa nane za usiku, mtaa mzima umelala, uliona 3.4. Ndiyo maana nasema hakuna ugonjwa hapo.

Ile ripita sasa unaweza kujieleza mwenyewe. Uliongeza mtu wa tatu, akasimama jikoni na kurudia maneno ya ruta kwa kipaza hichohicho. Faili likawa linasemwa mara tatu. Vimistari vilijaa kwa sababu kompyuta ya uani ilikuwa inaisikia ripita vizuri, na vimistari havikuambii lolote kuhusu foleni ya kipaza. Ripita si kitu kibaya. Kwa mtu anayetaka WhatsApp ifike chumba cha nyuma inatosha kabisa. Kwa GB 64 ni mzigo juu ya mzigo. Mpe shangazi.

Kuhusu jioni: majirani wamerudi kazini. Masafa ya gigahezi 2.4 unayotumia yana chaneli 13, lakini zimelaliana kama vigae. Zisizogusana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Wewe uko 3, mahali pabaya kuliko pote. Ukikaa chaneli moja na jirani, angalau vifaa vyenu vinasikilizana na kupeana zamu. Ukikaa kwenye 3, walioko 1 na walioko 6 unawasikia kama kelele tu, na kelele haina zamu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, iondoe kwenye 3, uiweke kwenye ile kati ya tatu ambayo haijasongamana. Programu yoyote ya bure ya kuchungulia Wi-Fi kwenye simu ya Android itakuonyesha nani yuko wapi. Upana wa chaneli uache kwenye megahezi 20. Jioni zako zitapata nafuu, ila usitarajie muujiza.

Na kile kidude cha USB? Wengi wangekuambia ununue kingine. Mimi naangalia 65 yake na kuona kinajitahidi. Kwa antena moja na upana wa 20, kilele chake ni 72. Ile 150 ya kwenye boksi inahitaji upana maradufu, na kwa msongamano wa Tabata hutaupata. Kisogeze tu. Nyuma ya CPU kimefichwa na bati, na kama pembeni yake pana tundu la USB 3 lenye kitu kinachofanya kazi, tundu hilo hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4. Intel waliliandika jambo hilo tangu 2012. Tafuta waya wa kurefusha USB, kikae juu ya meza upande wa dirisha.

(Wasomaji wengine mnaoona 54 kwenye vifaa ambavyo si vya kizamani, angalieni usalama wa Wi-Fi kwenye ruta. Ukiwa umebaki kwenye TKIP, yaani kufuli la kizamani la Wi-Fi, vifaa haviruhusiwi kuvuka 54. Wekeni kufuli jipya zaidi, WPA2 yenye AES, mjaribu tena.)

Sasa nikupe dawa ya bure kabla ya ile ya hela. Ruta nyingi za siku hizi zina masafa mawili, 2.4 na 5. Mara nyingine utaona jina la pili la Wi-Fi lililoishia na 5G, ambayo haina undugu wowote na 5G ya minara ya simu. Masafa ya 5 yana nafasi kubwa na majirani wachache, ila yanachoka haraka yakikutana na ukuta. Kutoka sebuleni kwako hadi uani kuna kuta za matofali ya saruji, madirisha yenye grili, na sijui mlango wa studio ni wa mbao au wa bati. Huko sitaweka dau. Lakini laptopu iko hatua chache kutoka kwenye ruta! Iunganishe kwenye 5, uiache kompyuta ya uani kwenye 2.4. Hapo umepata vipaza viwili. Laptopu inasema kwa kimoja, ruta inarudia kwa kingine, hakuna anayemsubiri mwenzake. Kikomo kinabaki zile 38 za uani, yaani karibu MB 4.7 kwa sekunde. Saa sita zinakuwa chini ya nne, na hujatoa shilingi.

Hata hivyo saa nne za kadi moja bado si kazi. Ushauri wangu wa kweli ni waya. Kompyuta ya uani haitembei, haina sababu ya kugombea kipaza na simu za wageni.

Lakini usikimbilie Kariakoo tena. Pima kwanza, safari hii kwa mikono. Siku ambayo huna harusi, mwombe kijana abebe lile sanduku ambalo Dar nzima tunaliita CPU, alilete sebuleni. Mkiona uvivu wa kubeba na skrini, lichomekeni kwenye televisheni. Chukua ule waya mfupi uliokuja na boksi la ruta, unganisha CPU na ruta. Zima Wi-Fi ya CPU ili isije ikapitia njia ya zamani kimyakimya. Laptopu ibaki kwenye Wi-Fi ya 5 hapohapo sebuleni. Tuma faili moja kubwa la video, GB 5 au zaidi. Usitume folda ya picha. Picha elfu tatu ni salamu elfu tatu za kufungua na kufunga, na kasi hushuka hata kwenye mtandao mzuri. Sekunde za mwanzo usiziamini, kwa kuwa kompyuta huanza kwa kupakia kwenye kumbukumbu kabla haijaandika kwenye disiki. Soma namba baada ya dakika moja.

Ukiona MB 30 au 40 na kuendelea, umemaliza, nenda kanunue waya mrefu. Kadi ya GB 64 itakwenda kwa nusu saa hivi.

Ukiona bado ni 3, niandikie tena, maana hapo kosa si la hewani. Nitaanza kuishuku disiki ya ile kompyuta, au programu ya kuzuia virusi inayokagua kila faili linaloingia.

Na ukiona 11, inakaa 11, haipandi wala haishuki, hiyo ni sahihi ya mtu ninayemfahamu. Waya au tundu lina uwezo wa megabiti 100 tu. Kwenye Windows fungua hali ya mtandao wa waya usome kasi ya muunganisho: 1000 ndiyo unayoitaka, 100 ndiyo inayokupa 11. Ruta kadhaa zinazokuja na faiba zina tundu moja la 1000 na mengine ya 100, kwa hiyo hamisha waya tundu kwa tundu kwanza. Kama yote ni 100, bado usinunue ruta ya laki tatu. Nunua swichi ndogo ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganisha nyaya za kompyuta, ya gigabiti (yaani megabiti 1000) yenye matundu matano, ambayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ruta hiyo. Kompyuta ya uani ichomeke kwenye swichi, laptopu ichomeke kwenye swichi wakati wa kutuma, na swichi iunganishwe na ruta. Mafaili yatapita ndani ya swichi tu, ruta haitayagusa. Kama laptopu yako ni zile nyembamba zisizo na tundu la mtandao, kuna adapta ya USB 3 yenye tundu la gigabiti. Kwa njia hii, kama disiki zako zinaweza, utaona MB 100 kwa sekunde au zaidi, na kadi moja itamalizika kwa dakika kama kumi. Hata ukipata 40 kwa Wi-Fi ya 5, mimi ningefika hapa taratibu, hela ikipatikana.

Kuhusu waya wenyewe nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopigwa. Hatua zako ishirini ni kama mita 15, lakini waya haupiti hewani, unafuata kona, kwa hiyo nunua mita 25 au 30. Waya wa daraja la Cat5e unatosha, unabeba gigabiti hadi mita 100. Muuzaji akikuonyesha wa Cat7 kwa bei ya mbuzi, mshukuru uondoke. Kabla hujalipa, mwombe akukatie ncha, ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rahisi kukatika kwenye kona na haiaminiki kwa umbali. Chagua wenye ganda jeusi la nje, linalostahimili jua, maana ule wa kijivu wa ndani utapauka na kupasuka uwanjani. Upitishe kwenye bomba la plastiki. Panya wa uani ninawajua. Usiuweke kwenye bomba moja na waya wa umeme.

Kwenye kufunga vichwa, simama hapo na fundi. Waya una nyuzi nane, na wapo mafundi wanaofunga nne tu kwa sababu zinawaka taa na kazi inaonekana imekwisha. Nyuzi nne ni megabiti 100, yaani ile 11 yetu. Gigabiti inataka zote nane. Mpangilio wa rangi, pande zote mbili sawasawa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akimaliza usimlipe kabla hujasoma 1000 kwenye kompyuta. Na waya unaopita nje ni mwaliko kwa radi, hivyo masika yakishika, ukisikia ngurumo ziko karibu, chomoa ncha zote mbili.

Ruta ya laki tatu? Hapana. Ungeifunga ukakuta kile kidude cha uani bado ni kilekile cha antena moja, kwenye masafa yaleyale, nyuma ya kuta zilezile. Fundi wako hakudanganyi, ila anatibu mgonjwa ambaye hajampima.

Nilisema nitaigusa disiki. Iliyokufa bila shaka ilikuwa ya kisahani kinachozunguka. SSD, yaani disiki ya chipu tupu, haina kisahani, ikidondoka mara nyingi haina habari. Lakini kwa mawazo yangu harusi ile haikuuawa na sakafu. Iliuawa kwa sababu nakala ilikuwa moja. Na utaratibu wako wa sasa una hatari hiyohiyo kila usiku, kati ya saa unayomwaga kadi kwenye laptopu na saa mafaili yanapofika uani, hasa kama unaifuta kadi mapema. Ukiharakisha njia, dirisha hilo linakuwa dogo. Usifute chochote kwenye laptopu kabla ya kijana kufungua video uani akaiona inacheza mwanzo, katikati na mwisho.

Halafu huyo kijana. Umeniandikia mwenyewe kwamba saa nane za usiku, watu wote wamelala, kasi ilikuwa 3.4 tu. Saa hiyo naye alikuwa amelala, simu yake imezimika, hakuna mechi popote. Kama yeye ndiye angekuwa mwizi, usiku huo ungeona maajabu. Mechi moja kwenye simu inakula megabiti chache, na jioni za mechi majirani zako wote wanaangalia mechi hiyohiyo, kwenye hewa hiyohiyo. Ile elfu ishirini mrudishie kabla hujamwambia abebe CPU.